Honi ya Pikipiki Kuukuu: Tafuta Hitilafu Kabla ya Kununua Mpya

Miwa ikikomaa kati ya Rongo na Awendo, au upande wa Ndhiwa katika kaunti jirani ya Homa Bay, hupita kimo cha mtu na kuficha njia panda. Anayetoka kwenye njia ya shamba kwa pikipiki haoni barabara kuu, na aliye barabarani hamwoni. Trekta iliyojaa miwa nayo humzuia dereva wake kuona kilicho nyuma. Breki humsaidia anayeona hatari. Kwa wawili wasioonana, kinachobaki ni honi.

Sheria za trafiki nchini Kenya zinataka kila chombo cha moto kiwe na kifaa cha kutoa sauti ya tahadhari. Hata hivyo, pikipiki nyingi za zamani hutembea zikiwa bubu. Sababu moja ni kwamba injini nyingi za aina hiyo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Mwenyewe huona pikipiki inakwenda, akadhani kila kitu ki salama. Sababu ya pili ni kwamba honi ikinyamaza, watu hukimbilia kununua mpya, na mpya nayo hunyamaza baada ya siku chache, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye honi.

Somo la toleo hili ni hilo: mara nyingi honi haijafa, bali njia ya umeme wake imeziba. Fuata njia hiyo hatua kwa hatua kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Honi inavyofanya kazi

Ndani ya honi kuna koili, kiwambo chembamba cha chuma na pointi ndogo. Ukibonyeza kitufe, umeme hupita kwenye koili, koili inakuwa sumaku na kuvuta kiwambo. Kiwambo kikivutwa, kinafungua pointi, umeme unakatika, nacho kinarudi mahali pake. Pointi zikigusana tena, safari inaanza upya. Haya hutokea mara mamia kwa sekunde moja, na mtikisiko huo ndio sauti tunayoisikia.

Katika pikipiki nyingi za Kijapani, umeme hutoka kwenye betri, hupita swichi ya ufunguo na kufika moja kwa moja kwenye honi. Kitufe kipo upande wa pili: kazi yake ni kuunganisha waya wa kutoka kwenye honi na athi, yaani fremu. Kumbuka mpangilio huu, kwa kuwa ndio utakaokuonyesha hitilafu ilipo.

Jua kwanza volti zako

Pikipiki nyingi za miaka ya 1970, zikiwemo Honda CG125 za mwanzo, zilitumia umeme wa volti 6. Vipuri vingi madukani leo ni vya volti 12. Honi ya volti 12 kwenye mfumo wa volti 6 hukoroma kidogo au hunyamaza kabisa. Honi ya volti 6 kwenye mfumo wa volti 12 hulia kwa nguvu, kisha koili yake huungua.

Soma maandishi yaliyo kwenye betri, kwenye balbu na mgongoni mwa honi. Yote matatu yanapaswa kukubaliana. Yasipokubaliana, huenda fundi aliyetangulia alibadilisha kimoja na kuacha vingine. Usidhani kuweka betri ya volti 12 pekee kunatosha: mtambo wa kuchaji wa volti 6 hautaijaza. Kubadilisha mfumo kunahusu chaji, betri, balbu zote na honi kwa pamoja, na hiyo ni kazi ya fundi wa umeme.

Hatua tano za kutafuta hitilafu

Utahitaji bisibisi, spana, msasa laini, kipande cha waya, na testa yenye balbu au multimita. Egesha pikipiki mahali pa wazi, injini ikiwa imezimwa. Kama tanki au mpira wa petroli unavuja, rekebisha hilo kwanza, kwa sababu cheche moja inatosha kuwasha moto.

1. Betri. Ikiwa imejaa na imetulia, betri ya volti 12 husoma takriban 12.6, na ya volti 6 husoma takriban 6.3. Kagua vichwa vyake. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, fungua nyaya, safisha kwa msasa, kaza, kisha paka grisi kidogo.

2. Fyuzi. Itoe uitazame. Iliyoungua ibadilishe kwa nyingine ya kiwango kilekile. Usifunge waya wala karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Fyuzi mpya ikikatika tena, kuna waya uliochubuka unaogusa fremu. Anza kutafuta chini ya tanki na karibu na shingo ya usukani.

3. Umeme unaofika kwenye honi. Washa ufunguo. Funga mkia wa testa kwenye chuma kisicho na rangi wala kutu, kisha gusa waya wa moto wa honi. Kwenye Honda nyingi waya huo ni mweusi, na unaokwenda kwenye kitufe ni wa kijani hafifu. Kwenye Yamaha nyingi wa moto ni wa kahawia, na wa kitufe ni wa waridi. Kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu mweusi wa Yamaha ni wa athi. Pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi wengi huenda ina rangi zilizochanganywa, kwa hiyo iamini testa kuliko rangi. Balbu isipowaka, kagua viungo vya nyaya kati ya honi na swichi ya ufunguo.

4. Kitufe. Ikiwa moto unafika, chukua kipande cha waya na uunganishe ule mguu mwingine wa honi, wa kwenda kwenye kitufe, na fremu. Usiguse mguu wa moto, la sivyo utakata fyuzi. Honi ikilia, basi ni nzima, na tatizo liko kwenye kitufe au waya wake. Fungua nyumba ya kitufe kwenye usukani, toa vumbi na kutu, sugua pointi taratibu kwa msasa, na uhakikishe waya haujakatika. Pia hakikisha athi ya kitufe inafika vizuri kwenye fremu.

5. Honi yenyewe. Ikiwa bado iko kimya, ifungue na uiunganishe moja kwa moja na betri ya volti zake, fyuzi ikiwa katikati. Isipotoa hata mlio wa “tik”, huenda koili imekatika au pointi zimeshika kutu. Ikitoa “tik” moja au sauti ya mafua, jaribu kuirekebisha.

Kurekebisha sauti

Honi nyingi za zamani zina skrubu ndogo mgongoni. Weka alama ya rangi mahali ilipo sasa, ili uweze kurudi hapo. Izungushe robo ya mzunguko, bonyeza kwa sekunde moja, sikiliza. Endelea taratibu upande ambao sauti inaboreka. Ukiikosea sana, pointi hazitafunguka, umeme utapita bila kukatika na koili itaungua. Kwa hiyo usishikilie kitufe kwa muda mrefu.

Ikibidi kubadilisha

Nunua honi ya volti zilezile. Ifunge kwa kipande chake cha bati chenye kunesa, isiguse fremu wala matopegadi, kwani ikibanwa sauti hufifia. Mdomo wake uelekee mbele na chini kidogo ili maji ya mvua yatoke. Unapoosha pikipiki, usielekeze maji ya nguvu kwenye honi. Tena, usiioshee ziwani: mafuta na petroli hubaki kwenye maji ambayo jamii za Mbita, Kendu Bay na Muhuru Bay huyatumia.

Wapo wanaofunga honi mbili za gari ili wasikike zaidi. Honi hizo hula umeme mwingi kuliko kitufe na nyaya za pikipiki zinavyoweza kubeba. Bila rilei na fyuzi yake, kitufe huungua na unabaki bubu tena. Ving'ora ni vya magari ya dharura, na Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009. Honi ndogo iliyo nzima inatosha.

Kabla ya safari

Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza kupanda, washa ufunguo na ubonyeze honi mara moja. Ikiwa sauti imebadilika tangu jana, anza na hatua ya kwanza siku hiyohiyo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kama inabidi utembee kabla haijapona, simama kabisa kwenye kila njia panda iliyofichwa na miwa, tazama pande zote, ndipo uvuke. Usilipite trekta mpaka dereva wake akuone.