Somo la Ofisi: Mashine ya Fotokopi na Folda ya Pamoja



Katika kurasa hizi tumezoea kusomeshana khabari za miche, za kupalilia na za kuanika. Leo somo letu ni la ofisini, nalo lahusu mashine ya fotokopi: vipi mashine hii yaweza kuichukua sura ya karatasi na kuipeleka moja kwa moja katika folda ya kompyuta, ambayo makarani wote wanaohusika wataiona. Asiseme mwanachama, "Hayo ni mambo ya karani, mimi mkulima yananihusu nini?" Karatasi inayowekwa juu ya kioo ni yake. Ni stakabadhi ya mizani aliyopewa siku alipopeleka karafuu zake, au ni hati ya eka tatu aliyoachiwa na marehemu baba yake, au ni barua ya mkopo. Ikipotea, mwenye kusimama mbele ya watu bila ya ushahidi si karani.

Na maadui wa karatasi katika visiwa vyetu mwawajua. Mchwa haulizi hii ni hati au ni gazeti. Unyevu wa masika huzigandisha karatasi mpaka zikachanika zikibanduliwa. Zaidi ya hayo, risiti za siku hizi zenye kung'aa, ambazo huchapwa kwa joto wala si kwa wino, hufifia zenyewe zikikaa mahali pa joto, na baada ya muda mtu hushika karatasi nyeupe isiyo na neno. Kuitoa kopi karatasi kama hiyo husaidia kidogo, lakini kopi nayo ni karatasi, na mchwa ni wale wale.

Kuna njia tatu za kuitoa sura ya karatasi katika mashine. Ya kwanza ni kuchomeka flashi katika ubavu wa mashine, kisha kuichukua flashi mkononi mpaka kwenye kompyuta. Njia hii ni nyepesi, ila flashi ni kitu kidogo, hutiwa mfukoni ikaenda nyumbani na khabari za watu zimo ndani yake. Ya pili ni mashine kuituma sura kwa barua pepe. Hapo waraka hutoka nje ya ofisi, hupita katika intaneti, kisha hurudi meza ya pili, na ukiwa mkubwa hukataliwa njiani. Ya tatu ndiyo tuitakayo: mashine na kompyuta zimeungwa katika mtandao mmoja wa ofisi, na mashine huiweka sura katika folda bila ya kupita nje kabisa. Hata intaneti ikiwa imekatika siku hiyo, kazi huendelea.

Yafaa ieleweke kwamba mashine kubwa ya fotokopi nayo ni kompyuta ya namna yake. Inapotaka kuweka waraka katika kompyuta nyingine huwa kama mchukuzi aletaye gunia mlangoni. Yampasa aijue nyumba, aijue lugha ya wenyeji, ataje jina lake na neno la siri, kisha awe na ruhusa ya kutua mzigo. Likikosekana moja katika haya, mzigo haupokelewi, na mashine huandika juu ya kioo chake kwamba imeshindwa, aghlabu bila ya kueleza imeshindwa wapi.

Kuijua nyumba ni jambo la anwani. Kila chombo katika mtandao hupewa anwani ya tarakimu, mfano 192.168.1.20, na mwenye kugawa anwani hizo ni ruta. Sasa, kwetu umeme hukatika na kurudi, na ruta ikiwaka upya yaweza kuipa kompyuta anwani nyingine. Mashine ya fotokopi haina khabari, yaendelea kubisha nyumba ya jana. Hii ndiyo sababu ya ofisi nyingi kusema, "Ilikuwa ikifanya kazi wiki iliyopita, leo imekataa." Dawa yake ni kuingia katika ruta na kuiwekea kompyuta ile anwani moja isiyobadilika, na mashine ya fotokopi vile vile. Kisha kompyuta yenyewe isiachwe kulala. Kompyuta iliyolala haimsikii abishaye hodi.

Katika kompyuta hufunguliwa folda moja, tuiite Mapokezi, nayo huwekwa kuwa folda ya pamoja. Katika mashine njia yake huandikwa kwa mikwaju miwili ya kulalia nyuma, jina la kompyuta au anwani yake, mkwaju mmoja, kisha jina la folda, hivi: \\192.168.1.20\Mapokezi. Mashine nyingine hutaka anwani katika kisanduku chake na folda katika chake. Soma kioo kwanza. Katika Windows angalieni pia kwamba mtandao wa ofisi umetambulishwa kuwa ni wa faragha, si wa hadhara, maana ukiwa wa hadhara kompyuta hufunga mlango wake namba 445, ambao ndio mlango wa kazi hii.

Sasa twaja katika jina na neno la siri, na hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo penye uvivu mwingi. Karani mwenye haraka hutia jina lake mwenyewe na neno lake la siri katika mashine, na kazi hutendeka. Lakini akibadilisha neno lake mwezi ujao, mashine hukwama. Akihama ofisi na akaunti yake ikafungwa, mashine hukwama. Na mambo yote ambayo karani yule anaruhusiwa kuyafikia, mashine iliyosimama ukumbini, ambayo kila apitaye huweza kuigusa, nayo yaweza kuyafikia. Wengine huzidi hapo, huifungua folda kwa kila mtu bila ya neno la siri lolote. Hilo ni kama kuacha ghala wazi kwa sababu kitasa ni kigumu.

Njia ya sawa ni kufanya akaunti mpya kwa ajili ya mashine peke yake, iitwe kwa mfano "skana", isiyotumiwa na mtu yeyote kufanyia kazi. Neno lake la siri liwe refu, la herufi na tarakimu za kawaida, kwani vioo vya mashine nyingine haviwezi kuandika alama ngeni. Akaunti iwekwe kwamba neno lake halifi kwa muda. Na jambo moja huwakwamisha wengi: ile namba fupi ya PIN ambayo mtu hufungulia kompyuta yake asubuhi si neno la siri. Hiyo hufanya kazi mbele ya kompyuta ile ile tu, na mashine ikiitaja kutoka mbali hukataliwa.

Ruhusa nazo ni mbili, na watu hukumbuka moja. Kuna ruhusa ya mlango, yaani ya folda kuonekana katika mtandao, na kuna ruhusa ya chumba, yaani ya folda yenyewe katika diski. Ajaye kupitia mtandao hupimwa kwa zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo ishikayo. Ukimruhusu "skana" mlangoni ukamsahau chumbani, hatui mzigo. Apewe ruhusa ya kuandika na kubadilisha katika Mapokezi, na asipewe ruhusa popote pengine. Mchukuzi hufikisha gunia barazani. Funguo za ghala hazimhusu. Kila siku karani hufungua Mapokezi, hutazama kila sura kama inasomeka, huipa jina, kisha huihamishia katika folda ya mwanachama mwenyewe, ambamo mashine haifiki.

Limebaki suala la lugha. Lugha ambayo kompyuta hizi hupeana mafaili huitwa SMB, nayo ilianza katika kampuni ya IBM huko Marekani miaka ya 1980. Imetengenezwa upya mara kadha: ya pili ilitoka pamoja na Windows Vista mwaka 2006, ya tatu pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Ile ya kwanza ina udhaifu mkubwa. Mwezi wa Mei 1 hadi 31 mwaka 2017 haukwisha ila programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilikuwa imekwisha kupita katika udhaifu huo, ikaenea katika nchi zaidi ya 150, ikayafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Tangu mwisho wa mwaka ule, Windows 10 mpya huja bila ya lugha hiyo ya kwanza.

Twaeleza haya kwa sababu vyama vingi kama chetu hununua mashine zilizokwisha kutumika, na mashine kongwe hujua lugha ya kwanza tu. Atakuja fundi, ataona inakataa, naye atasema, "Rahisi, tuiwashe ya kwanza katika kompyuta." Mwambieni asante, lakini hapana. Kwanza atazame kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya ndani ya mashine, maana mara nyingine hiyo huifunza lugha ya pili au ya tatu. Ikiwa haipo, ni bora kurudi kwenye flashi, ikae katika droo yenye kitasa, kuliko kuufungua mlango ule. Kadhalika, Windows 11 ya namna ya Pro, tangu toleo la mwaka 2024 liitwalo 24H2, hutaka kila ujumbe wa SMB utiwe sahihi, na mashine isiyoweza kutia sahihi hukataliwa hata kama jina na neno vyote ni sawa. Kwa hivyo anayenunua mashine na aulize kabla ya kulipa: yajua SMB ya ngapi, na yaweza kutia sahihi?

Kuhusu sura yenyewe, nukta 300 kwa inchi zatosha. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho una nukta karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili, kabla ya kubanwa, huo ni uzito wa megabaiti 26, na kwa nyeusi na nyeupe tupu ni kama megabaiti 1 tu. Lakini msikimbilie wepesi. Hati yenye muhuri wa buluu, au yenye maandishi ya kalamu ya risasi yaliyofifia, iskaniwe kwa rangi, kwani nyeusi na nyeupe tupu huufuta muhuri na kuyala maandishi. Orodha za kawaida zilizochapwa zaweza kuwa nyeusi na nyeupe. Saa na tarehe ya mashine zirekebishwe, kwa kuwa mashine huyapa mafaili majina kwa tarehe, na saa ikipishana sana na ya kompyuta neno la siri lenyewe huweza kukataliwa.

Folda ya pamoja si akiba. Ikiharibika diski, au ikiingia programu ya uharibifu kama ile ya 2017, vyote vilivyomo huondoka pamoja. Kila wiki folda za wanachama zinakiliwe katika diski ya nje, ichomolewe, ikawekwe nyumba nyingine. Na mashine kubwa nyingi zina diski ndani yao ambayo huhifadhi sura za karatasi zilizopita. Siku ya kuiuza au kuitupa, diski hiyo ifutwe kwanza.

Hati za asili hazitupwi. Sura iliyomo katika kompyuta ni ya kutafutia na ya kuonyesha kwa haraka, lakini penye ugomvi wa shamba atakayeulizwa ni mwenye karatasi yenyewe. Mwanachama aletaye karatasi na asimame pale pale mpaka irudi mkononi mwake, aitie katika mfuko wa nailoni mkavu, na namba yake ya uanachama aitaje ili iandikwe mwanzo wa jina la faili. Matawi yenye mashine yaandike jina la aina yake na namba ya modeli kama ilivyo kwenye kibati cha nyuma, na aina ya Windows iliyomo katika kompyuta, wayalete ofisini kabla fundi hajaitwa.

Katibu wa Chama