Kifua Wazi: Utupu na Stara katika Jamii ya Waswahili

Makala haya yanatofautisha dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa: utupu na stara. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, utupu wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Hivyo, mvuvi aliyejifunga msuli, kifua kikiwa wazi, hajaonyesha utupu wake. Hata hivyo, mvuvi huyo huyo akitoka ufukoni kwenda barazani kwa mkwewe, hutarajiwa avae shati au kanzu. Sheria imekwisha kutimizwa. Kinachodaiwa sasa ni ada.

Lugha nayo yathibitisha jambo hili. Kitenzi *sitiri* hubeba maana ya kufunika mwili na pia ya kuficha aibu: nguo humsitiri mtu, na jirani humsitiri mwenzake. Kwa hiyo, mtalii apitaye kifua wazi katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, akisemwa kuwa yu uchi, msemaji hapimi ngozi iliyoonekana. Analalamikia heshima waliyonyimwa wenye mtaa. Mtafiti atakayeifasiri kauli hiyo kwa maana ya mwili pekee atakuwa ameipoteza hoja yenyewe.