Sanaa ya Kila Mtu: Mafunzo Niliyopata Iringa na Ziwa Nyasa

Nimefundisha watoto kuchora jijini Mbeya, na kwa muda mrefu nimejiuliza: kituo cha sanaa cha mtaani, cha mtoto, bibi na dereva wa bodaboda, kianzie wapi? Majibu niliyapata Iringa mjini na kule Matema, kando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela.

1. Waanze walioachwa nje

Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono, ilianzishwa Iringa mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Msanii Susie Hart, kutoka Uingereza, alianza na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi. Baadaye kukawa na ufumaji, ushanga, ushonaji na mgahawa unaohudumiwa na viziwi, na mafundi wenye ulemavu wakavuka mia moja. Nilipofika pale niliona kwamba mahali palipopangwa kumfaa asiyesikia humfaa kila mtu: meza zina nafasi, kila hatua ya kazi inaonekana kwa macho, na mgeni anakaribishwa ajaribu.

2. Malighafi iko karibu

Karatasi maarufu ya Neema Crafts hutokana na kinyesi cha tembo. Tembo husaga tumboni chini ya nusu ya anachokula, kwa hiyo nyuzi za majani hubaki. Kinyesi huoshwa na kuchemshwa vizuri, nyuzi zikachanganywa na karatasi chakavu, rojo likachotwa kwa wavu na kuanikwa. Akina mama wa Kihehe nao husuka vikapu kwa nyasi za milulu, wanavyovitia rangi kwa ustadi ninaouheshimu sana. Tangu hapo, kukosa rangi za dukani hakunizuii kufungua somo. Mkaa upo, na udongo mwekundu wa Mbeya ni rangi tosha.

3. Macho kwanza, maelezo baadaye

Hili ndilo lililonigusa zaidi. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, mbele kidogo ya Matema, hufinyanga vyungu bila gurudumu la mfinyanzi. Binti hukaa kando ya mama yake, akatazama, akapewa donge lake. Akikosea ukingo, mama huunyoosha kwa kidole, kazi ikaendelea. Nami tangu nilipowaona nimepunguza maneno darasani. Ninachora ubaoni kimya, wanafunzi wanafuatisha, na wale waliokuwa wakijificha nyuma sasa wanasogea mbele.

4. Kazi ipate mnunuzi

Jumamosi vyungu vya Ikombe hufika kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, na vingine huendelea hadi Mbeya. Mwanafunzi anayeona kazi ya mwenzake ikinunuliwa hurudi kesho yake bila kuitwa.

5. Fundi wa kijijini ni mwalimu, naye alipwe

Kwa Mbeya ningeanza na chumba kimoja karibu na soko la Mwanjelwa, chenye maji, meza ndefu na mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Mwalimu wa kwanza awe mfinyanzi wa Kikisi, alipwe nauli, malazi na posho sawa na mkufunzi yeyote wa chuo.