UMENYIMWA MKOPO? OMBA KUSOMA TAARIFA YAKO

Mvua za kwanza zinapokaribia, wakulima wengi wa Kipalapala na vijiji vingine vya Tabora huhitaji fedha za mbolea na mbegu. Mmoja anakwenda kuomba mkopo. Anajibiwa, "Jina lako lina deni." Basi anarudi nyumbani kimya, na shamba lake linakosa mbolea. Sisi tunasema: asirudi kimya. Deni hilo limeandikwa mahali, na kilichoandikwa husomwa.

JINA ZAMANI NA SASA

Enzi za misafara, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alichukua bidhaa kwa mkopo kwa Taria Topan wa Unguja. Tajiri alimkopesha kwa kuwa alimjua. Hata leo mkopeshaji hutazama jina la mtu. Lakini siku hizi jina hilo limo katika maandishi.

NANI HUANDIKA?

Mwaka 2012 zilitungwa kanuni za taarifa za wakopaji. Mabenki hupeleka taarifa za mikopo yao Benki Kuu ya Tanzania. Benki Kuu nayo hutoa leseni kwa kampuni za kuchakata taarifa za wakopaji. Creditinfo Tanzania ni mojawapo. Kampuni hizi hazikopeshi, wala hazimnyimi mtu mkopo. Kazi yao ni kumbukumbu. Anayeamua ni mkopeshaji.

Katika taarifa yako huandikwa jina lako, namba ya kitambulisho, aliyekukopesha, kiasi ulichokopa na deni lililobaki. Mkopo mdogo uliochukua kwa simu, ukausahau, nao unaweza kuwamo.

FANYA HIVI

1. Muulize mkopeshaji sababu ya kukunyima. Uliza pia taarifa yako ameipata kampuni gani.

2. Omba taarifa yako kwa kampuni hiyo. Uwe na kitambulisho. Uliza kama kuna ada kabla ya kutoa fedha.

3. Soma pole pole. Je, jina ni lako? Namba ni yako? Mikopo yote ni yako?

4. Linganisha na risiti zako.

TUFANYE HESABU

Tuseme ulitakiwa kurudisha shilingi 330,000, kwa mafungu matatu ya 110,000. Umelipa yote, na risiti tatu unazo. Lakini taarifa inasema umebakiwa na deni la 110,000. Toa: 330,000 − 110,000 = 220,000. Maana yake yameandikwa mafungu mawili tu. Fungu moja halikuingizwa. Hapo risiti ndiyo shahidi wako.

ANDIKA BARUA

Barua isiwe ndefu. Kwa mfano:

"Taarifa yangu inaonyesha nadaiwa shilingi 110,000. Deni hili nimelimaliza. Naambatanisha nakala za risiti tatu. Naomba taarifa irekebishwe, nami nijibiwe kwa maandishi."

Weka tarehe, jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Mpelekee aliyekukopesha zamani na kampuni yenye taarifa. Toa nakala tu. Risiti zenyewe baki nazo. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, unaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuona taarifa zako na kuomba zirekebishwe.

KAMA DENI NI LA KWELI

Hapo barua haitalifuta. Nenda kwa anayekudai, mpatane namna ya kulipa. Ukimaliza, dai barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza deni. Jihadharini na vishoka wanaosema, "Nipe hela, nitalisafisha jina lako." Deni la kweli huondoka kwa kulipwa. Kosa la maandishi huondoka kwa ushahidi.

Ndugu wasomaji, tulijifunza kusoma ili tusiambiwe tu habari zetu na watu wengine. Risiti ya leo itie ndani ya bahasha, uitunze pakavu, mbali na mchwa na panya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani anaamua kutoa au kunyima mkopo?

2. Kwa nini tusitoe risiti zenyewe?

3. Kila mmoja aandike mikopo yake yote, pamoja na ya simu. Ipi haina risiti?