CHA BURE KINA MASWALI: SOMO LA VISHIKWAMBI

Wenzangu wameandika juu ya ngeli, methali na insha. Mimi nimechagua somo ambalo halimo katika vitabu vya Kidato cha Tatu, nalo ni namna ya kupata kishikwambi cha bure au cha bei nafuu, na namna ya kumjua anayekuahidi uongo. Somo hili limelipiwa kwa mbuzi wa nyanya yangu, kwa hivyo naomba mlisome hadi mwisho.

Tuanze na neno lenyewe. Kishikwambi ni ile kompyuta bapa ambayo huishika mkononi na kuigusa kwa kidole. Hapa kwetu Leparua wengi husema "tableti", na hakuna atakayekucheka. Wingi wake ni vishikwambi.

KISA CHENYEWE

Wakati wa likizo alifika kijijini bwana mmoja kwa pikipiki. Alikuwa na beji shingoni na faili kubwa. Aliwakusanya wazee chini ya mgunga akawaambia kuna mradi wa kuwapa vishikwambi watoto wa familia zisizojiweza. Akasema walio katika orodha ya Inua Jamii ndio watakaotangulia. Kila jina la mtoto lilihitaji shilingi 500 za usajili pamoja na nakala ya kitambulisho cha mzazi.

Wazee wengi hawakupata nafasi ya kusoma, basi nikaitwa mimi. "Njoo mjukuu wangu," nyanya akasema, "wewe ndiye macho yetu." Nikakalia jerikeni na kujaza fomu 12. Kusema kweli nilijisikia kama karani mkubwa wa kaunti! Nyanya hakuwa na pesa mkononi. Alimwuzia jirani mbuzi wake mmoja kwa bei ya hasara, akalipa 1,500 kwa ajili yangu na ndugu zangu wawili.

Vishikwambi vingeletwa Jumatatu iliyofuata. Jumatatu nyingi zimepita. Ukipiga ile namba unaambiwa mteja hapatikani. Shilingi 6,000 za watu zilikwenda hivyo, na nakala za vitambulisho juu yake.

Hakuna mtu aliyenigombeza. Lakini kuna mama mmoja ambaye kila akinikuta tukiteka maji huniuliza, "Mwanangu, ile karatasi uliyoiandika ilikuwa inasema nini hasa?" Hapo nilikuwa nashindwa kujibu, manake niliandika majina yote bila kusoma fomu yenyewe. Nikikumbuka sasa, haikuwa na jina la ofisi, wala anwani, wala mhuri. Nilijua kuandika, lakini siku hiyo sikusoma.

Ndipo nikamwendea mwalimu wetu, tukatafuta ukweli wa mambo haya. Tuligundua kwamba vishikwambi vya msaada huja kwa njia mbalimbali, na kila njia ina kanuni zake.

(a) Vya serikali, kupitia shule

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kwamba watoto wanaoingia darasa la kwanza watapewa kompyuta. Zabuni ya kwanza ikafutwa. Mwaka 2016 ndipo vifaa vilipoanza kusambazwa, navyo vilikuwa vishikwambi. Vilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kikishirikiana na Positivo BGH. Zaidi ya vifaa milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, pamoja na vifaa vya walimu na projekta. Shule zilizo mbali na nyaya za umeme zilifungiwa sola.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka huo huo wa 2016. Vilipofika kwetu tulivigusa watatu watatu, mmoja akishika na wawili wakipumua juu ya bega lake. Jioni vilirudi stoo na mlango ukafungwa. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, vilibaki huko huko stoo na sisi tukasoma kwa redio, kama betri ipo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kishikwambi cha serikali kilikuwa mali ya shule. Hakikupelekwa bomani, na mzazi hakutozwa usajili.

Jirani zetu Tanzania nao walifanya vivyo hivyo kupitia shule. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo. Havikuuzwa chini ya mti.

(b) Vya kutumia pamoja

Mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa sanduku liitwalo Kio Kit. Ndani yake mlikuwa na vishikwambi 40 ambavyo vilichajiwa humo humo sandukuni. Darasa zima lilisoma, kisha sanduku likafungwa. Kwa sehemu kame kama yetu, njia hii ina maana, manake umeme kidogo wa sola huwafaa watoto wengi. Sanduku kama hilo ni la darasa zima, si la mtu mmoja mmoja.

(c) Vya kulipa kidogo kidogo

Hapa mfano unaojulikana ni wa simu. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo. Masharti ya wakati ule yalikuwa kutanguliza shilingi 1,000, kisha kulipa 20 kila siku kwa miezi tisa. Hebu tupige hesabu: 20 mara siku 270 ni 5,400. Ukiongeza ile 1,000 unapata 6,400. Bob 20 ni kitu kidogo, lakini aliyeacha kulipa alifungiwa simu. Kwa hivyo hiki si cha bure. Ni mkopo, na mkopo hupigiwa hesabu kabla ya kuchukuliwa.

(d) Vya nchi nyingine

Binamu yangu aliwahi kuona katika saiba mjini Isiolo tangazo la vishikwambi kwa watu wa mapato ya chini. Kumbe lilihusu Marekani! Huko kulikuwa na mpango ulioitwa Affordable Connectivity Program, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2021. Familia iliyostahili ilipunguziwa hadi dola 100 katika bei ya kishikwambi au kompyuta, lakini nayo ilitakiwa kuchangia zaidi ya dola 10 na chini ya dola 50. Zaidi ya familia milioni 23 zilijiandikisha. Fedha zikaisha, na mpango ukafungwa tarehe 1 Juni 2024. Oneni basi, hata huko kwenye utajiri, cha msaada kilikuwa na masharti na kilikuwa na mwisho. Tangazo linaweza kubaki baada ya mpango wenyewe kufa.

Na Inua Jamii je? Huo ni mpango wa fedha, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, mayatima na wenye ulemavu mkubwa. Hautoi vishikwambi, na kujiandikisha hakulipiwi. Yule bwana aliazima jina ambalo nyanya yangu analiamini, ndiyo sababu nyanya hakusita.

MASWALI MATANO KABLA YA KALAMU

Akija mtu na fomu, mwulize kwa adabu:

1. Ofisi yako ni ipi, na je, chifu au mwalimu mkuu ana barua yake?
2. Kifaa kitakuwa cha nani: cha mtoto, cha shule, au cha mkopeshaji hadi deni liishe?
3. Mbona cha bure kinalipiwa kwanza?
4. Kitambulisho changu ni cha kazi gani? Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo inakupa haki ya kuelezwa.
5. Kikifika, kitachajiwa wapi, na kikiharibika nani atakitengeneza?

Mwenye mradi wa kweli hatakasirika. Mwongo ataanza kuangalia saa.

Nilipoyajua haya sikuweza kukaa nayo. Nilizunguka nyumba zote zilizoandikisha watoto, nikawaeleza wazee kwamba fomu zile hazikuwa na ofisi nyuma yake, na kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia mapema. Kisha tulikwenda pamoja kwa chifu kutoa habari. Wenye laini za Safaricom niliwasaidia kubonyeza *106# ili waone kama kuna namba ngeni iliyosajiliwa kwa vitambulisho vyao. Yule mama wa majini alinisikiliza kimya, halafu akasema, "Afadhali umekuja mwenyewe."

Nyanya hakusema mengi. Aliniuliza tu, "Akija mwingine, utasoma kwanza ndipo uandike?"

"Ndiyo, nyanya."

"Basi utaendelea kuwa macho yetu."

Wanachama wenzangu, wengi wetu ndio wasomaji wa kwanza katika boma zetu. Tukiletewa karatasi tunasomea watu wengi, na tukikosea tunakosea kwa niaba yao. Wahenga walinena, haraka haraka haina baraka. Kalamu nayo isiwe na haraka.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kishikwambi cha msaada, cha kutumia pamoja na cha mkopo.
2. Mtu akitanguliza shilingi 1,000 na kulipa shilingi 30 kila siku kwa siku 200, atakuwa amelipa jumla ya shilingi ngapi?
3. Mwulize mzee mmoja nyumbani ni karatasi gani aliyowahi kutia kidole gumba bila kusomewa. Andika jibu lake katika aya moja.