Kusoma Kumbukumbu za Walionusurika Kambini

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Wanazi wa Ujerumani iliwaua Wayahudi wapatao milioni 6. Katika kambi ya Auschwitz pekee, iliyojengwa Poland baada ya nchi hiyo kutekwa, waliuawa watu wapatao 1,100,000, wengi wao Wayahudi. Hesabu kama hizi mwanafunzi aweza kuziandika daftarini na kufaulu mtihani, asijue bado lililotendeka. Ndiyo maana twamshauri mwanachuo asome kumbukumbu za walionusurika kabla ya kulifundisha somo hili. Lakini vitabu hivi vina namna yake ya kusomwa.

Tuchukue mfano wa Primo Levi, mkemia wa mji wa Turin, Italia. Alikamatwa Desemba 1943, akapelekwa Auschwitz Februari 1944, akachanjwa mkononi nambari 174517 badala ya jina lake. Jeshi la Kisovieti lilipofika tarehe 27 Januari 1945 lilimkuta hai miongoni mwa wagonjwa walioachwa kambini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1947, na jina la kitabu hicho lamwuliza msomaji kama huyu ni mtu. Tunapokisoma yafaa tujiulize maswali matatu.

Kwanza, shahidi aliona nini yeye mwenyewe? Levi alikaa Monowitz, kambi ya kazi iliyokuwa sehemu ya Auschwitz. Vyumba vya gesi vilikuwa Birkenau, kilometa chache kutoka hapo, naye hakuviona. Kwa hiyo aeleza zaidi njaa, baridi, kazi na mkate. Jambo hili halipunguzi thamani ya maneno yake. Shahidi anayejua mpaka wa aliyoyaona ndiye wa kuaminiwa.

Pili, aliandika lini? Levi alianza mara tu aliporudi kwao. Elie Wiesel, aliyefikishwa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na miaka 15, alikitoa kitabu chake kwa Kiyidi mwaka 1956, na kwa Kifaransa mwaka 1958. Maneno yaliyotafakariwa kwa miaka mingi husomwa kwa sikio jingine.

Tatu, ni nani asiyesema? Katika kitabu alichokitoa mwaka 1986, Levi alikumbusha kwamba walioyaona mambo hadi mwisho hawakurudi kuyasimulia. Basi mwalimu asifundishe kwamba waliopona walikuwa hodari kuliko waliokufa. Levi mwenyewe aitaja bahati.

Watoto wa shule ya msingi wasipewe vitabu hivi vizima, wala wasiigizwe wafungwa na walinzi. Mateso ya watu si mchezo. Katika madarasa ya juu mwalimu asimulie sehemu moja fupi. Levi aeleza juu ya mfungwa mwenzake, aliyekuwa sajini zamani, aliyenawa kila siku kwa maji machafu bila sabuni, akajifuta kwa koti lake. Alimwambia Levi kwamba kunawa ni kukataa kufanywa mnyama. Mwalimu aulize: "Kwa nini anawe, na hali hatatakata?" Kisha angoje. Watoto wajua kunawa. Jibu watalitafuta wenyewe.

Tena mwalimu asisahau kueleza kwamba Levi hakukubaliana na mwenzake kwa yote. Tukilificha jambo hilo ili tupate funzo lililonyooka, tutakuwa tumemnyamazisha shahidi tuliyemwita aseme.

Zoezi kwa wanachuo

1. Chagua ukurasa mmoja wa kumbukumbu za aliyenusurika. Tenga aliyoyaona, aliyoyasikia na aliyoyajua baadaye.
2. Andika maswali matatu ya kuwauliza watoto ambayo wewe mwenyewe huna jibu lake tayari.
3. Eleza utafanya nini iwapo mtoto atalia au atacheka wakati wa somo.