Kikomo cha Volti katika Opampu: Namna ya Kusoma Karatasi ya Vipimo

Opampu ni chipu yenye transista nyingi ndani yake, na kazi yake ni kukuza tofauti ya volti iliyopo baina ya miguu yake miwili ya kuingilia. Opampu mashuhuri iitwayo 741 ilibuniwa na Dave Fullagar katika kampuni ya Fairchild, Marekani, ikatolewa mwaka 1968. Katika shule ya kijiji kama Nandagala, wilayani Ruangwa, chipu moja ikiungua somo zima la vitendo laweza kusimama. Kinga ya hasara hiyo ni kusoma karatasi ya vipimo ya mtengenezaji kabla ya kuunganisha waya.

Majedwali mawili

Karatasi hiyo huwa na majedwali mawili yasiyopaswa kuchanganywa. La kwanza hutaja vikomo vya mwisho: kijenzi kikivuka hapo chaweza kuharibika daima. La pili hutaja hali ya kazi, yaani volti ambazo mtengenezaji anathibitisha kuwa kijenzi kitafanya kazi ipasavyo. Saketi husanifiwa kwa kufuata jedwali la pili. Kikomo cha mwisho si lengo. Ni ukingo wa shimo.

Sababu yake ni hii. Ndani ya chipu mna maungio ya silikoni na tabaka nyembamba sana za kuhami. Volti ikizidi, vizuizi hivyo huvunjika, mkondo mkubwa hupita, na joto huunguza njia zake.

Alama ya ±

Kwa LM741C kikomo cha mwisho ni ±18 V. Maana yake ni volti 18 juu ya sifuri na volti 18 chini yake. Jumla, kutoka mguu chanya hadi mguu hasi, ni volti 36. LM741 isiyo na herufi C huvumilia ±22 V. Kwa hiyo herufi moja ya mwisho si ya kupuuzwa. LM358 ina kikomo cha volti 32 kwa jumla, ilhali MCP6002 hufanya kazi kati ya volti 1.8 na 6.0, na kikomo chake cha mwisho ni volti 7.0 tu.

Mfano

Chukulia kwamba darasa lina betri ya volti 12 inayochajiwa kwa paneli ya jua, pamoja na kihisi joto kitoacho milivolti 10 kwa kila digrii 1 ya Selsiasi. Joto likiwa digrii 32, kihisi hutoa volti 0.32. Ikikuzwa mara 10, hupatikana volti 3.2.

MCP6002 ikiungwa moja kwa moja na betri hiyo, itaungua. Opampu ya 741 haitaungua, lakini itatoa jibu la uongo, kwa sababu volti za kuingilia zapaswa kuwa mbali na kila upande wa umeme kwa volti 2 au 3 hivi, na 0.32 i karibu mno na sifuri. LM358 hufaa: hupokea volti kuanzia sifuri, na hutoa hadi pungufu ya umeme wake kwa volti 1.5 hivi, yaani 10.5. Ukuzaji ukiwa mara 40, volti 12.8 zinazotakiwa hazitapatikana. Jibu litakwama karibu na 10.5.

Ikumbukwe pia kwamba betri inayochajiwa hufika volti 14.4, na paneli ya “volti 12” isiyo na mzigo hutoa takriban volti 21. Hesabu ifanywe kwa volti kubwa kabisa inayoweza kutokea, si kwa nambari iliyoandikwa ubavuni.

Maswali

1. Betri 4 mpya za redio, kila moja volti 1.6, zimeunganishwa kwa mfululizo. Je, zinafaa kwa MCP6002?
2. Paneli mbili zisizo na mzigo zinatoa ±21 V. Je, LM741C itasalimika?

Majibu: (1) Hapana, 6.4 imezidi hali ya kazi, ingawa haijafika kikomo cha mwisho. (2) Hakuna uhakika huo. Kikomo cha ±18 V kimevukwa.